Mkate Mmoja wa Tamou

Benchi la Tanuri la Chini halina mwenyewe, ila lina wenyewe. Ni ubao mrefu wa mwerezi ulioegemezwa kwenye ukuta wa nje wa tanuri la mtaa, pale ambapo mawe hayapoi mwaka mzima. Asubuhi za baridi, ukungu unaposhuka kutoka milimani na kuufunika mji wa Sefrou, wanawake huleta madonge yao ya unga yaokwe, kisha hukaa hapo kusubiri, migongo ikiungua na magoti yakiganda, vidole vikishona vifungo vya hariri vya kaftani, kahawa ya viungo ikizunguka kutoka kwenye chupa ya Bi Batoul. Huyo Batoul ndiye Wakili. Alishtakiana na binamu zake miaka kumi na mmoja kwa ajili ya nyumba ya bibi yao. Nyumba ikaenda, maneno ya mahakamani yakabaki. Pembeni yake hukaa Zhor, aitwaye Nusu Kijiko, mgonjwa wa sukari ambaye hutia nusu kijiko tu kwenye kahawa yake, mara nne. Ndani, mbele ya moto, ni Lahsen mwokaji. Alipika jeshini miaka ishirini akastaafu koplo. Mtaa ukampandisha cheo akawa Jenerali.

Siku hiyo Touria alifika wa mwisho, na mikate miwili juu ya ubao. Kila nyumba ina alama yake ili mikate isichanganyike tanurini, na alama ya Touria ni dole gumba lake, limebonyezwa katikati. Kifuani, chini ya sweta, alikuwa na kopi ya kitambulisho iliyokunjwa mara nne. Kabla ya kutoka alikuwa amempa bintiye maelekezo. Hiba alikuwa na miaka minane, alikuwa na kikohozi, na hakwenda shule.

— Mtu akigonga, unasema nini?

— Nasema mama katoka.

— Hapana. Wakija watu wa kuhesabu vitu, hawatakiwi kujua kama kuna mtu. Unasema: hakuna mtu.

— Lakini mimi si nipo, mama? Na Anwar yupo, kalala.

— Hiba!

— Hakuna mtu, — mtoto alisema.

Aliyasema vizuri mno, bila kutikisika, na Touria alitembea nayo sikioni mpaka kwenye benchi.

— Simu, — alisema Wakili, akimnyooshea debe kuukuu la unga.

Touria aliitia simu yake ndani, juu ya simu za wenzake. Wakili akafunika, akalisukuma debe chini ya benchi kwa kisigino, akalikandamiza kwa mto ili zisiwasikie. Walifanya hivyo kila siku tangu majira ya zeituni, na hakuna aliyecheka tena.

— Haya mwanangu, sema. Umekata shauri?

— Bado, Bi Batoul. Ushirika wanataka kopi na sahihi kabla ya adhana ya adhuhuri. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

— Nafasi ya nini? — Jenerali aliuliza kutoka ndani kwa sauti ya kupigia gwaride.

— Ya kushona vifungo kwenye karakana yao! — Nusu Kijiko alimjibu. — Saa mbili mpaka saa sita. Nusu siku. Wanaandika jina, wanakulipia bima, mtoto akiugua ana daktari.

— Si jambo jema hilo?

— Jema! — Wakili alicheka puani. — Jema la kukutoa roho.

Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na kipimo chake. Kilikuwa namba yenye nukta na mkia wa tarakimu, iliyotokana na maswali ambayo kila mtu aliyajibu siku moja: vyumba vingapi, mitungi mingapi ya gesi, simu ngapi, nani anafanya kazi. Chini ya mstari, msaada wa serikali unaingia kila mwezi. Juu ya mstari, hauingii. Hayo kila mtu aliyajua. Yaliyobaki mtaa ulijijazia wenyewe.

Touria aliyapiga hesabu jioni tatu mfululizo. Msaada ulikuwa dirhamu mia tano, inyeshe isinyeshe. Karakana ilikuwa dirhamu sitini kwa asubuhi moja, lakini asubuhi hizo zilifuata harusi, na wakati wa baridi nani anaolewa? Jioni ya kwanza kazi ilishinda. Jioni ya pili msaada ulishinda. Jioni ya tatu alipata jibu ambalo halikuwa moja kati ya hayo mawili, akafuta. Yeye ni mtu wa kuhesabu vifungo arobaini kwa kila mshono bila kukosea hata kimoja. Mume, alipoondoka na talaka yake, alimwachia watoto wawili na kofia. Kosa halikuwa kwenye kujumlisha. Kulikuwa na kitu kingine ndani ya hesabu ile, na hakukiona.

— Wakikuandika tu, — alisema Wakili, akihesabu kwa vidole, — jina linaingia kwenye bima. Likiingia, kipimo kinapanda. Kikipanda, msaada unakatika. Kazi ikiisha Februari, je? Jina limeshaingia, halitoki! Nimeyaona mahakamani haya.

— Mahakamani ulikuwa na kesi ya nyumba, Bi Batoul, — Jenerali alisema.

— Sheria ni sheria! Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyejua methali hiyo ilitafuta nini pale. Waliiacha ipite.

— Mimi nilivyosikia, hata jina halihitajiki, — alisema Nusu Kijiko, akikoroga. — Mnamjua Yamna wa kwenye ngazi? Alitia salio la dirhamu ishirini ampigie dada yake, walikuwa na msiba. Kesho yake kipimo juu.

— Kwa dirhamu ishirini? — Touria aliuliza.

— Si kwa dirhamu. Kwa kulia muda mrefu. Wanasema mwenye raha ya kulia nusu saa si fukara.

— Acha zako, Zhor.

— Wallahi! Na harufu je? Ijumaa nilikaanga nyama kidogo, kidogo tu, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango na taulo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikala gizani, shoga. Nyama yenyewe sikuisikia ladha, nilikuwa nasikiliza.

— Unasikiliza nini?

Nusu Kijiko aliangalia huku na huku kwenye ukungu.

— Kupanda, — alinong'ona.

Jenerali alitoka mpaka kizingitini, koleo refu la mbao la kuokea mkononi, nyusi nyeupe kwa unga. Yeye alikuwa na habari tofauti na zao, na aliitoa polepole, kama mtu anayetoa sinia la moto.

— Niwaambie? Kipimo hakiko ofisini. Kiko nyumbani. Shemeji yangu alikatiwa umeme, kabisa, waya ukang'olewa. Mita ikaendelea kulia. Tik. Tik. Akaifunika blanketi. Ikazidi. Mimi naijua tabia hiyo, nafanya nayo kazi kila siku. Ni tabia ya unga wenye hamira. Ukiuacha wazi unakauka. Ukiufunika ndipo unaumuka.

Vidole vyote vilisimama kwenye nyuzi.

— Kwa hiyo tusifunike? — aliuliza Touria.

— Sijasema hivyo, — Jenerali alijibu haraka, akarudi ndani.

Wakili aliinamisha kichwa, na wengine wakainamisha vyao bila kuambiwa.

— Yote hayo ni madogo. Kinachopandisha kuliko vyote ni watoto wakicheka.

— Toba!

— Watoto wakicheka kwa sauti maana yake wameshiba. Tamou alinieleza mwenyewe. Wanawe aliwafundisha wacheke hivi. — Wakili alifungua mdomo, akatikisa mabega, na hakuna sauti iliyotoka.

Touria alijichoma sindano. Tone la damu liliingia kwenye hariri nyeupe, na kifungo kile kikawa si cha kuuza tena.

— Alikueleza lini, Bi Batoul?

— Siku zile.

Tamou alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mlango wa buluu, mwisho wa kichochoro. Mwaka uliopita karakana ilimwita, nafasi hii hii, nusu siku hii hii, naye akakataa. Tangu hapo benchi lilimtaja kama watu wanavyomtaja mcha Mungu.

— Tamou ana akili, — alisema Nusu Kijiko. — Aliuza friji kwanza.

— Akarudisha mtungi wa gesi, — alisema Wakili. — Kisha simu. Kisha umeme akaukata mwenyewe, hakungoja kukatiwa.

— Akaacha kupokea wageni.

— Akaacha kusalimiwa! Alisema mtu anayesalimiwa na wengi ana jamaa, na mwenye jamaa ana msaada mwingine. Nikimpita njiani nageuza uso, kwa kumheshimu.

— Na kipimo chake? — aliuliza Touria.

— Hakijapanda hata chembe. Msaada unaingia kila mwezi kama saa.

— Umejuaje?

— Ungekuwa hauingii, si angetoka kulalamika? Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Tamou anakaa kimya ili mshindo usitoke. Ndiyo nakuambia: tulia. Jifunze kwake. Hilo likaratasi lako lichane, litumbukize motoni kwa Jenerali, ukakae nyumbani na wanao. Kidogo cha uhakika.

Touria alipeleka mkono kifuani. Karatasi ilikuwa na joto la mwili wake. Alijiona akiitoa, akiinuka, hatua nne mpaka kwenye mdomo wa tanuri, na kisha usingizi mzuri. Alichoka kuhesabu. Kama Bi Batoul angesema neno moja zaidi, angeinuka.

Ila Jenerali alikuwa amefika dirishani, akisukuma mikate ya kwanza kwenye ukingo wa jiwe. Ya Wakili ilikuwa na chale mbili za kisu. Ya Nusu Kijiko ilinyunyiziwa mbegu za anisi. Mwisho kabisa aliweka ubao mdogo uliofunikwa kitambaa cha mistari ya buluu, akapunguza sauti.

— Huu wa Tamou.

— Anauleta saa ngapi? — Touria aliuliza.

— Naukuta. Nikifungua alfajiri ubao uko hapa hapa dirishani, dirhamu yangu imefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Nikishauoka nauweka. Nageuka kuchochea moto, nikirudi haupo.

Touria aliinua kitambaa. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Pengine ni ule ugonjwa wake wa kutaka kuona idadi. Alama ya Tamou ilikuwa palepale, matundu matatu ya uma. Alikumbuka kiangazi: mikate minne, mikubwa, imebebana. Wakati wa zeituni ilikuwa mitatu. Mwezi uliopita miwili. Sasa ulikuwa mmoja, mdogo kama kiganja cha mtoto, na matundu yake matatu yalikuwa yameujaza karibu wote.

— Ni mmoja, — alisema.

— Si unaona? — alisema Wakili kwa kuvutiwa. — Yule mwanamke anajua kubana.

Wakati huo ukungu ulimtoa mtu. Alikuwa Ittou, bibi harusi kutoka milimani, aliyeletwa mtaani wiki tatu tu zilizopita. Hina bado ilikuwa nyekundu viganjani mwake. Kichwani alikuwa na ubao wa mikate mitano, na mkononi sahani ya keki.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Nusu Kijiko aliruka. — Lete hiyo sahani, binti, nionje nusu.

— Salama, mama zangu. Sahani ni yenu, — Ittou alisema, akakaa ukingoni. Alisita mbele ya debe la simu, akasema hana, wakamkubali.

— Mwenzetu una bahati, — Wakili alimwambia, akimmiminia. — Chumba chako kinapakana na mwanamke wa mfano. Chota akili kwake.

— Mwanamke yupi, Bi?

— Tamou! Mlango wa buluu.

Ittou alicheka kidogo, akaona wenzake hawacheki.

— Mlango wa buluu? Mimi nilidhani ni ghala. Kitanda changu kimeegemea ukuta ule. Wiki tatu sijasikia hata kikombe.

— Ndiyo ustadi wenyewe, — alisema Nusu Kijiko, mdomo umejaa.

— Ana watoto?

— Watatu.

— Sijasikia mtoto. — Ittou aliutazama mkate uliofunuliwa, kisha akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu ya mgeni anayeuliza choo kiko wapi. — Kwani nani kati yenu alimwona mara ya mwisho? Ilikuwa lini?

— Mimi, — alisema Wakili. — Juzi.

— Juzi ulikuwa Fes kwa daktari wa macho, — alisema Nusu Kijiko.

— Basi wiki ile. Alipita na… Hapana, yule alikuwa Yamna. — Wakili alifunga mdomo. — Wewe je? Unakaa mbele yake.

— Mimi hugeuza uso. Si ulisema tugeuze uso?

— Jenerali!

Jenerali aliuacha moto. Alisimama dirishani, mikono yote miwili juu ya jiwe, akiutazama ubao mdogo kama mtu aliyepewa hesabu ya askari wake na hailingani.

— Mimi naona mkate, — alisema mwishowe. — Siku zote nimeona mkate.

— Watoto wako shule gani? — Ittou aliuliza tena, taratibu.

Hakuna aliyejua. Wakili alichukua chupa ya kahawa ili mikono yake ifanye kitu. Aliinamisha juu ya kikombe, akaitikisa. Yalitoka matone mawili na machicha. Mita ya tanuri, ukutani, ilikuwa inalia, tik, tik. Siku zote ililia. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Touria aliinuka na ubao wa Tamou.

— Unakwenda wapi? — alisema Wakili. — Touria! Utamharibia!

Mlango wa buluu ulikuwa hatua ishirini na sita kutoka kwenye benchi. Alizihesabu. Rangi ilikuwa imebanduka, na pale ambapo kila mlango wa mtaa una pete ya kubishia, huu ulikuwa na matundu mawili ya misumari. Pete imeuzwa, aliwaza. Aligonga kwa vifundo.

— Tamou. Ni mimi Touria, wa nyumba ya chini. Nimekuletea mkate wako.

Kitu kilisogezwa ndani, polepole, kama kinavyosogezwa kitu na mtu asiyetaka kisogee. Kisha kikatulia. Kulikuwa na pumzi nyuma ya mbao. Ilikuwa karibu sana, kimo cha uso wake.

— Hakuna mtu, — ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima. Aliyasema vizuri mno, bila kutikisika.

Joto la mkate lilipanda mikononi mwa Touria mpaka kwenye viwiko. Aliona jibu la jioni ya tatu, lile alilolifuta. Lilikuwa sifuri. Ukiondoa friji, na taa, na salamu, na kicheko, kipimo kinabaki chini kweli, kwa sababu hakuna anayebaki wa kupimwa.

— Mkate nauacha kizingitini, Tamou, — alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. — Ni wa moto. Kesho nitapita tena kukugongea. Saa sita. Nikitoka kazini.

Alipogeuka aliwakuta wote wamesimama nyuma yake kwenye ukungu. Jenerali, ambaye mtaa haukuwahi kumwona mbali na moto wake mchana, alikuja na koleo lake la kuokea, akaketi chini kando ya mlango wa buluu, mgongo ukutani.

— Nitakaa hapa, — alisema. — Mikate na iungue. Tamou! Nina dirhamu zako nyingi humu mfukoni. Nakudai sura yako.

— Na mimi nitagonga ukutani, upande wa kitandani, — alisema Ittou, akakimbia.

Wakili alifungua mdomo atoe sheria, akakosa. Akaketi kando ya Jenerali.

Touria alikuwa ameshaanza kukimbia. Jua lilikuwa linatafuta pa kupenya, na adhana haikuwa mbali. Karakana ilikuwa upande wa pili wa mto, na njia ya kwenda huko ilipita kwake. Angeweza kupitiliza. Alisimama, akagonga mara tatu.

— Hakuna mtu, — ilisema sauti ndani.

Mkono wa Touria ulibaki hewani. Kisha aliweka mdomo kwenye mbao.

— Ni mama, Hiba. Nilikufundisha vibaya. Sema tena.

Kikohozi kilichozuiwa kwa kiganja.

— Sema tena, mwanangu. Sema kwa sauti, mtaa wote usikie. Nani yupo?

— Nipo, — ilisema sauti ndogo, ikilijaribu neno. Kisha, kwa nguvu zaidi: — Mimi nipo! Na Anwar yupo, kaamka!

Na nyuma ya mlango Anwar, ambaye hakuambiwa kitu, alianza kucheka.